Mwenye Nyumba ni Nani?



Ukiondoka Busia upande wa Kenya ukashika barabara ya Malaba, utaona magorofa mapya yakichomoza kati ya mashamba ya mihogo. Hayo yametufuata sisi wanafunzi. Tangu chuo cha Alupe, kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kipate hati ya kujitegemea, kila mwenye ploti karibu na barabara anajenga vyumba vya kupangisha. Zamani kibao cha getini kilisema "bedsita". Siku hizi kimepakwa rangi upya kikaandikwa "studio", kama vile vya Kilimani kule Nairobi. Chumba chenyewe hakikubadilika: mlango mmoja, dirisha moja, sinki kwenye kona, choo na bafu humo humo. Kilichobadilika ni kodi. Ng'ambo ya mpaka, Tororo, ambako nilisoma diploma kabla ya kuja huku, chumba cha namna hii chenye choo cha nje huitwa muzigo, na vikiwa vingi ni mizigo. Ni neno la Kiganda, ila Mswahili akilisikia mara ya kwanza hudhani mtu anazungumzia furushi lake.

Hiyo studio ya kisasa imetoka mbali. Katika karne iliyopita wasanii wa New York waliingia katika viwanda vilivyoachwa na wenyewe, wakakuta kumbi kubwa zisizo na kuta za ndani, wakaweka kitanda hapa na jiko pale kwa sababu hawakuwa na pesa za kujenga vyumba. Baadaye matajiri wakaona ni fahari. Sisi tumeletewa jina, ukumbi ukabaki huko huko.

Nasema haya kwa sababu jambo ninalotaka kuliuliza limetokana na chumba kisicho na kuta za ndani. Ukifungua mlango wa studio umefungua kila kitu. Kitanda, sufuria, nguo za kufua, msala, dawa zilizo juu ya meza, vyote vinakutazama kwa mara moja. Nyumba za kale za Lamu zina daka pale mlangoni ambapo mgeni huketi, kisha kiwanda, kisha misana, mpaka ufike ndani. Mtu huingia kwa hatua, na kila hatua ina watu wake. Mwanafunzi wa Busia ana kizingiti kimoja tu.

Mwaka jana dada yangu mkubwa alikuja kutoka Mumias kwa ajili ya kliniki. Alipomaliza alinipigia simu, nikampa ufunguo apumzike chumbani kwangu, nami nikarudi darasani. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Alioga ajitayarishe kwa swala. Nywele zake zilikuwa wazi na maji yanamtiririka pale mlango ulipofunguliwa kwa ufunguo wa akiba. Alikuwa ni mwenye nyumba, na keateka nyuma yake. Walikuwa wameambiwa kwamba kuna msichana ameingia kwa mwanafunzi.

Dada alivuta shuka ya kitandani akajifunika. Haji akasema samahani. Kisha, bila kurudi nyuma hata hatua moja, akamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Na dada yangu, mama wa watoto watatu, akajieleza akiwa ndani ya shuka. Niliporudi jioni alikuwa ameshapanda matatu kwenda kwao. Alisahau kadi yake ya kliniki mezani.

Nilimfuata Haji baada ya Isha. Naomba msimfikirie vibaya. Mkopo wangu wa masomo ulipochelewa alinisubiri miezi miwili bila kunidai. Ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Nikamwambia, "Haji, leo umeniumiza." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, pole kwa dada yako, sikujua. Lakini nyumba ni yangu. Hapa ni mpakani, lazima nijue kilichomo. Na mimi ni Muislamu, sitaki zinaa ndani ya milki yangu." Sikuwa na jibu usiku ule. Nilirudi chumbani nikawa nayageuza maneno yake, kwa kuwa yote matatu yana uzito.

Nianze na hilo la milki. Lugha yetu yenyewe inamuunga mkono Haji, maana anayelipwa kodi tunamwita mwenye nyumba, na anayelala ndani yake tunamwita mpangaji. Lakini mafakihi wanaposema ijara wanakusudia mauzo ya manfaa. Haji hajaniuzia matofali wala bati, ila ameniuzia kukaa, kwa mwezi mmoja mmoja, na kilichouzwa kimetoka mkononi mwake mpaka mwezi uishe. Mtu akikukodisha baiskeli kwa siku nzima hawezi kukusimamisha njiani adhuhuri apande yeye.

Hata hivyo hoja ya mkataba peke yake hainiridhishi, kwa kuwa inanifanya niwe na haki kwa sababu nimelipa. Je, asiyelipa? Je, mgeni wangu, ambaye hakulipa hata senti? Aliyevunjiwa stara siku ile hakuwa mpangaji kabisa.

Nikarudi kwenye Suratun-Nur. Aya ya 27 inawakataza walioamini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimie walio ndani. Haji angesema aya hiyo haimgusi, kwa sababu nyumba ni yake. Basi tuulize: neno "zenu" hapo lina maana gani? Soma kuendelea. Aya ya 28 inasema msipomkuta mtu msiingie mpaka mruhusiwe, na mkiambiwa rudini, rudini. Aya ya 29 inaondoa lawama kwa mtu kuingia nyumba zisizokaliwa ambamo ana kitu chake cha manufaa. Angalia mgawanyo ulivyo. Kilichotenganisha nyumba hii na ile ni kukaliwa na kutokukaliwa. Kuwa na kitu chako ndani kunakuhalalishia kuingia pale tu pasipo na mtu anayeishi.

Na kuna ushahidi ulio wazi zaidi, ambao mimi niliupita miaka mingi bila kuuona. Aya ya kwanza ya Suratut-Talaq inawakataza waume kuwatoa wake waliowaacha katika nyumba zao muda wa eda haujaisha. Nyumba za nani? Kwa kawaida nyumba ni ya mume. Ameijenga au ameipanga yeye. Lakini Qur'ani inazinasibisha na wanawake: nyumba zao. Imam al-Qurtubi katika tafsiri yake anaeleza kwamba huo ni unasibisho wa kukaa, si wa kumiliki. Mwanamke aliyeachwa, asiyemiliki hata tofali moja, mbele ya Mwenyezi Mungu (S.W.) nyumba anayoishi inaitwa yake, na inaitwa hivyo wakati ule ule ambapo mwenye milki angependa atoke. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Siku ile adhuhuri, mwenye nyumba alikuwa dada yangu.

Hata nasaba haitoi ruhusa. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama ni lazima aombe ruhusa kuingia kwa mama yake. Akaambiwa ndiyo. Akasema anaishi naye nyumba moja, tena yeye ndiye anayemhudumia. Akaulizwa kama angependa kumwona mama yake akiwa uchi. Na aya ya 58 ya Suratun-Nur imewafundisha hata watoto na watumishi wa nyumbani kubisha hodi katika nyakati tatu, na mojawapo ni adhuhuri, watu wanapovua nguo zao. Adhuhuri hasa!

Wengine huona mambo haya ni ya watu wenye nafasi, wenye nyumba za vyumba sita. Ni kinyume. Vyumba vya wakeze Mtume (S.A.W.), ambavyo sura ya 49 imepewa jina lake kwa ajili yavyo, vilikuwa studio kuliko hizi zetu. Al-Hasan al-Basri amesimulia kwamba aliingia humo katika ukhalifa wa Uthman (R.A.), akawa anagusa dari kwa mkono. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiswali usiku naye amelala mbele yake, na anapotaka kusujudu humgusa akakunja miguu, na siku hizo nyumba hazikuwa na taa. Mahali pa kitanda ndipo palikuwa mahali pa sujudu. Adabu ya ruhusa imeshuka kwa watu wanaoishi hivyo. Na Abdullah bin Busr (R.A.) anasema Mtume (S.A.W.) alipofika mlangoni kwa watu hakuuelekea uso kwa uso, bali alisimama kulia au kushoto, kwa sababu milango haikuwa na mapazia. Yupo pia yule aliyechungulia kwenye tundu la chumba chake, akaambiwa kwamba lau ingejulikana anachungulia angechomwa jicho, na kwamba ruhusa imewekwa kwa sababu ya kuona. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo kosa la Haji halikuanza alipotia mguu. Lilianza mlango ulipofunguka, na liliendelea kwa kila nukta aliyosimama akihoji.

Hoja ya mpaka ni nzito zaidi, na wanaoishi mbali na Busia huidharau. Mji huu una mistari miwili: ule wa serikali, wenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2018, na ule wa njia za panya unaopita nyuma ya nyumba za watu. Chumba cha kupanga kinaweza kuwa ghala la sukari ya magendo au la madumu ya petroli. Polisi wakija, wa kwanza kuulizwa ni mwenye ploti. Na petroli haina mzaha. Ikishika moto kwenye gorofa la vyumba 24 wenye ngazi moja, hakuna wa kulaumu ila aliyenyamaza.

Hapa nakubali. Harufu ya petroli ikitoka chini ya mlango, Haji abishe, na asipojibiwa avunje. Wanazuoni wamelisema hili zamani: moto, mwizi, mtu anayepiga kelele za kuomba msaada, hayo hayangoji hodi. Lakini harufu ni kitu kilichotoka nje chenyewe. Dhana ni kitu ulichokipeleka wewe mlangoni kwa mtu. Kama Haji anataka kukagua vyumba, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao: aandike katika mkataba kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi atapita, atatoa taarifa, atabisha. Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja. Una kodi, dipoziti, tokeni za umeme, na faini ya kumwaga taka kwenye ngazi. Juu ya ufunguo wa akiba hauna neno. Na wanaotaka sheria za dunia wazitazame pande zote mbili za geti: ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya 1995 zinalinda makazi ya mtu yasipekuliwe kinyume cha sheria, na hakuna hata moja iliyosema ulinzi huo ni wa wenye hati ya kiwanja tu.

Inabaki hoja ya dini, na hii ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu ndiyo yetu. Haji aliamini anakataza mabaya. Mabaya yakatazwe, sina shaka. Lakini Imam al-Ghazali, katika kitabu cha Ihya anapoeleza masharti ya kukataza mabaya, ameweka sharti kwamba baya liwe limedhihiri bila ya kupelelezwa. Aliyefunga mlango wake haingiliwi ili kujua anafanya nini. Hapo anakitaja kisa mashuhuri cha Umar (R.A.) aliyepanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: mimi nimeasi moja, wewe umeasi matatu, umepeleleza, hukuja kwa mlangoni, na hukutoa salamu. Umar akamwacha kwa sharti atubie. Huyo ni Amirul-Muuminina, mwenye dola mkononi. Ibn Mas'ud (R.A.) naye aliletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zinadondoka pombe. Akasema tumekatazwa kupeleleza, ila likitudhihirikia jambo tutalichukulia hatua.

Kuna atakayesema hii ni kuwafungulia watu mlango wa maasi: lipa kodi, funga mlango, fanya utakalo. Hapana. Mwenyezi Mungu anaona ndani ya studio kama anavyoona barabarani, na mtu wa karibu ana haki ya kunasihi kwa siri. Anayenasihi hubisha hodi. Anaweza kuambiwa rudi, na akarudi. Anayekuja na ufunguo wake ameshaamua kabla hajaona.

Sasa naomba niseme langu.

Nilipokuwa Tororo, katika mwaka wa kwanza wa diploma, nilikuwa katika kamati ya daawa ya jumuiya yetu. Kuna ndugu mmoja alikuwa haonekani kwenye darsa, na mtu akasema amesikia anakaa na mwanamke. Tulikwenda watatu baada ya Maghrib. Alipanga muzigo kwenye safu ya vyumba, mahali ambapo ukisimama uani unaliona Jiwe la Tororo lote. Taa ilikuwa inawaka. Mmoja wetu akasema tukibisha atamficha. Basi tukasogea dirishani, pazia lilikuwa na upenyo, na mimi ndiye niliyetangulia kuweka jicho.

Hakukuwa na mwanamke. Alikuwa peke yake, ameketi sakafuni. Hakukuwa na godoro, ila maboksi yaliyokunjuliwa na shuka juu yake. Mbele yake alikuwa na sahani ya muhogo mkavu, bila mboga wala chai. Kanzu yake nyeupe, ile ambayo Ijumaa ilitufanya tudhani ni mtoto wa watu wenye uwezo, ilikuwa imetundikwa vizuri kwenye msumari. Tulijikwaa kwenye ndoo tulipogeuka. Akainua macho, tukatazamana.

Hatukumwambia kitu. Tulipokuwa njiani mmoja wetu alisema, "Alhamdulillah, si zinaa," na sote tukacheka kidogo kwa faraja. Kesho yake kamati ilimchangia pesa, tukampelekea. Hakuzipokea. Hakuja tena kwenye darsa, na hata Ijumaa alianza kuswali msikiti mwingine. Wakati ule nilisema ana kiburi. Alikuwa na kitu kimoja alichokimiliki katika muzigo ule, nacho ni kwamba hakuna aliyejua. Tuliichukua hiyo, kisha tukamletea shilingi za Uganda tukashangaa kwa nini hazimtoshi.

Tofauti yangu na Haji siioni. Yeye alikuwa na ufunguo, mimi nilikuwa na upenyo wa pazia. Na najua si mimi peke yangu. Katika vyuo vyetu tunajua kamati zinazogonga milango ya mabweni baada ya Isha, tunajua makundi ya simu ambamo picha ya viatu vya kike mlangoni kwa ndugu fulani hupita kama ushahidi. Viatu vya nani? Huenda ni vya dada yake aliyetoka kliniki.

Kwa Haji nilirudi baada ya wiki moja, nikamsomea aya ya Talaq na maneno ya al-Qurtubi. Alisikiliza kimya. Akasema atawauliza mashekhe. Ufunguo wa akiba hajaurudisha, na sijamwomba. Lakini mwisho wa mwezi, alipokuja kwa ajili ya kodi, nilimsikia akibisha hodi kuanzia kwenye ngazi, mara tatu, na nilipofungua nilimkuta amesimama ubavuni pa mlango, ameelekea ukuta, kana kwamba anasoma mita ya umeme. Nimeweka pazia kwa ndani. Dada yangu bado hajakubali kuja. Kadi yake nilimpelekea mwenyewe Mumias.

Mwezi wa Shaaban nilikwenda Tororo, Jumamosi, kumtafuta yule ndugu nimwombe msamaha. Safu ya mizigo bado ipo. Nilibisha hodi mara tatu. Akatoka mama mmoja, mtoto mgongoni, akaniambia wanafunzi wa wakati huo walihama wote, hamjui hata mmoja. Nikaendelea kumuuliza kuhusu majirani, nikimweleza yule kijana alivyokuwa, mpaka nikagundua kwamba nimesimama sawasawa na mlango, na nyuma ya bega lake naona kitanda chake, jiko lake na nguo za mtoto zilizoanikwa. Nikasogea pembeni.